Sura ya 5: Dizeli Ikipanda, Mashine Itakula Nini?

Kila dizeli inapopanda bei, swali hilohilo huzuka mashineni, kwenye foleni ya akina mama wenye ndoo za mahindi: kwa nini bei ya kusaga ipande, na huku wilaya nzima inalima alizeti? Kwani mafuta si mafuta tu? Muuza spea atajibu kwamba injini itakufa. Jirani aliyewahi kujaribu ataapa kwamba iliwaka vizuri kabisa, na moshi wake ulinukia maandazi.

Wote wawili wanasema kweli. Injini ndogo ya dizeli huwaka kwa mafuta ya alizeti, mawese, nazi, karanga au mbono, tena bila kubadilishwa hata boliti moja. Ila ikiendelea kunyweshwa mafuta hayo yakiwa mabichi, kabla miezi mingi haijapita huenda ikasimama: nozo imeziba, ringi zimenata, oili imeharibika. Kuwaka ni jambo jepesi. Kudumu ndiko kugumu. Sura hii inaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, kisha inapiga hesabu ya mbegu, samadi na shilingi.

Injini isiyo na plagi

Injini ya petroli, kama ya bodaboda, huvuta mafuta na hewa vikiwa vimekwisha kuchanganywa, kisha plagi hutoa cheche ya kuviwasha. Injini ya dizeli haina plagi. Huvuta hewa tupu na kuibana kwa nguvu mpaka hewa yenyewe iwe moto wa kuwasha mafuta. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono amekwisha kuligusa jambo hili: sehemu ya chini ya pampu hupata joto kwa sababu hewa inabanwa.

Chukua injini ya Kichina ya aina ya S195, ile yenye silinda moja iliyolala, tangi la maji juu na flaiwili kubwa ubavuni, ambayo hufungwa kwenye mashine za kusaga na kwenye pawatila. Ujazo wa silinda yake ni sentimita za ujazo 815, yaani zaidi kidogo ya robo tatu ya lita. Pistoni inapofika mwisho, hewa yote iliyovutwa huwa imesongamana kwenye nafasi ya vijiko vitatu vya chakula. Imebanwa mara 20. Kipimo hicho huitwa uwiano wa mgandamizo. Injini nyingi za petroli huishia kati ya mara 8 na 11.

Hewa iliyobanwa hivyo hupita nyuzi joto 500 za Sentigredi, ilhali dizeli huanza kuwaka yenyewe kwenye nyuzi 200 na kitu. Hapo pampu husukuma mafuta kupitia nozo, yaani kifaa chenye tundu jembamba kinachoyarusha yakiwa ukungu. Ukungu ukikutana na hewa ile, moto hushika.

Ndiyo sababu kuiwasha injini hii kwa hendeli kuna utaratibu wake. Mkono mmoja hushikilia kile kiwiko kidogo kinachofungua valvu na kuachia upepo, mwingine huzungusha. Flaiwili ikishachanganya, kiwiko huachiwa ghafla. Silinda inabana, injini inagonga mara moja, inatoa moshi mweupe, inagonga tena, inashika. Ule moshi mweupe ni mafuta ambayo hayajaungua. Asubuhi ya baridi kule Makambako au Njombe moshi huo huwa mwingi, kwa kuwa vyuma vya baridi vinainyang'anya hewa joto lake kabla mafuta hayajafika.

Mafuta hayawahi kuwaka kwa kasi moja. Wataalamu hulipima jambo hilo kwa namba ya seteni: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mafuta yanavyowahi kushika moto yakikutana na hewa ya moto. Dizeli nyingi huwa na namba kati ya 45 na 55. Mafuta ya mimea mengi huwa karibu na 40. Spiriti, yaani ethanoli inayotokana na miwa, mihogo au mahindi, ina 8 hivi. Mafuta yanayochelewa hujikusanya ndani ya silinda kisha huwaka yote kwa mkupuo, na hapo ndipo fundi anaposema injini "inagonga". Spiriti yaweza kutumika, lakini kwa gharama: kampuni ya Scania ya Sweden ilipotengeneza injini za mabasi ya ethanoli, ilipandisha uwiano wa mgandamizo hadi 28 na kuongeza kiambato cha kuharakisha moto. Anayewaza kumimina gongo kwenye tangi la S195 ajue hana vyote viwili.

Karanga za Paris, mawese ya Brussels

Iko hadithi inayopendwa sana kwamba Rudolf Diesel, Mjerumani aliyebuni injini hii, aliitengeneza ili iendeshwe kwa mafuta ya karanga. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alifikiria hata vumbi la makaa ya mawe, na injini yake iliyofaulu mjini Augsburg mwaka 1897 ilitumia mafuta ya kuchimbwa ardhini. Iligeuza takriban robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo mashine za mvuke za siku zile hazikulikaribia.

Karanga ziliingia mwaka 1900 kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris. Kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli ikila mafuta ya karanga. Iliyolitaka jaribio hilo ni serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikitafuta namna makoloni yake ya Afrika yangejipatia nguvu za mashine kutokana na mazao ya hukohuko. Injini ilikuwa imeundwa kwa mafuta ya kawaida na haikubadilishwa kitu. Diesel alikuja kueleza kwamba ni watu wachache tu waliolitambua jambo hilo.

Ubelgiji nayo ilikuwa na mawese tele kutoka koloni lake la Kongo. Mwaka 1937 mwanakemia G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza, yaani haki ya ubunifu, ya njia ya kuyabadilisha mafuta ya mimea kwa kutumia alkoholi ili yawe mepesi. Kiangazi cha 1938 basi la abiria likafanya safari kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta ya mawese yaliyotayarishwa kwa njia hiyo. Leo mafuta hayo yanaitwa bayodizeli. Mafuta ya kuchimbwa yalipokuwa rahisi baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango huo ulilala. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ndio uliouamsha.

Jaribio la Paris lilionyesha kwamba injini huwaka kwa mafuta mabichi. Kazi ya Chavanne ilitokana na upande wa pili wa jambo hilo: ikiwa injini inatakiwa kufanya kazi siku baada ya siku, mafuta hayo lazima yapunguzwe uzito kwanza.

Kwenye ncha ya nozo

Injini yenye mizunguko 2,000 kwa dakika hutiwa mafuta mara 1,000 kwa dakika, karibu mara 17 kila sekunde. Ikiwa imebeba mzigo wote wa nguvu-farasi 12, kila mara hupokea takriban tone moja tu. Tone hilo linatakiwa kusambaa na kuanza kuwaka ndani ya sehemu mbili hivi za elfu moja ya sekunde.

Kwa hiyo mnato, yaani namna mafuta yanavyokuwa mazito kutiririka, ni jambo la kufa na kupona. Yakiwa na joto la nyuzi 40, mafuta ya alizeti huwa mazito zaidi ya mara kumi kuliko dizeli.

Matokeo yake huonekana kwenye karakana. Fundi hufungua nozo, huifunga kwenye pampu ya kupimia na kukandamiza mkono wa pampu hiyo taratibu. Shinikizo likifika kama mara 130 ya hewa ya kawaida, sindano iliyo ndani huinuka. Nozo nzima hulia kwa mlio mkali wa kukatakata na kutema ukungu laini; ukikoma, ncha hubaki kavu. Nozo mbovu hukojoa: hutoa uzi wa mafuta, halafu tone huning'inia nchani. Fundi mwangalifu haweki kidole mbele yake, kwa maana mafuta yenye shinikizo hilo hutoboa ngozi.

Mafuta mazito huifanya hata nozo nzima itoe matone makubwa. Tone kubwa haliungui kwa wakati. Linapiga ukuta wa silinda na kichwa cha pistoni, linageuka masizi magumu yanayoota kuzunguka tundu la nozo, na ukungu unazidi kuharibika. Masizi hayo huingia kwenye mifereji ya ringi na kuzinatisha. Ringi zikinata, mafuta yasiyoungua huteremka hadi kwenye oili. Humo, kwa joto, mafuta ya mimea hushikana na kuganda, na oili hunenepa mpaka haimwagiki. Mwenye mashine husikia mlio wa chuma siku ya mwisho tu, lakini uharibifu ulianza wiki nyingi nyuma, kwenye ncha ile.

Injini hazistahimili kwa kiwango kimoja. Zile kama S195 zina chumba kidogo cha pembeni ambamo hewa huzungushwa kwa kasi, nozo ikatema humo kupitia tundu moja. Msukosuko huo husaidia kuvunja matone mazito. Injini nyingi mpya hutema mafuta moja kwa moja juu ya pistoni kupitia vitundu vidogo kadhaa. Zinatumia dizeli pungufu, lakini ndizo zinazoziba upesi zikipewa mafuta ya mimea.

*Kwa ufupi: hewa iliyobanwa ina joto la kutosha kuwasha karibu mafuta yoyote ya mimea. Tatizo ni uzito wake, ambao huharibu ukungu, kisha nozo, kisha ringi, kisha oili.*

Alizeti, nazi, mawese, mbono

Njia ya kwanza ya kukabiliana na uzito ni joto. Mafuta ya mimea yakipashwa hadi nyuzi 70 au 80 kabla ya kufika kwenye pampu, mnato wake hushuka sana. Wanaoifuata njia hii hutumia matangi mawili: injini huwashwa kwa dizeli, hupokea mafuta ya mimea ikishapata moto, na hurudishiwa dizeli dakika chache kabla ya kuzimwa ili nozo isilale na mafuta mazito. Mafuta huchujwa vizuri na kuondolewa maji, na oili hubadilishwa mapema kuliko kawaida.

Kila mmea una tabia yake. Alizeti haigandi kwa baridi ya kwetu, lakini mafuta yake ni ya jamii inayokauka na kufanya utando yakikaa hewani. Ndiyo yanayowahi kuharibu oili. Nazi ni kinyume chake. Haikauki, na inawahi kushika moto, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25. Huko Bougainville, kisiwa cha Papua New Guinea kilichowekewa vizuizi wakati wa vita vya miaka ya 1990, watu waliendesha magari na jenereta kwa mafuta ya nazi kwa sababu dizeli haikuwapo. Mawese yana shida hiyohiyo ya kuganda: asubuhi ya baridi, Kigoma au Bukavu, mrija huziba kabla injini haijazunguka.

Mbono, ambao vijijini umepandwa miaka mingi kama ua na pembeni ya makaburi, ulisifiwa kuliko yote. Mbegu zake zina sumu, kwa hiyo hazishindani na sufuria, na mti huvumilia ukame. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 makampuni ya nje yaliingia Tanzania kwa ahadi kubwa. Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe. Mwaka 2011 shughuli zilisimama na wafanyakazi wakaachishwa kazi. BioShape ya Uholanzi iliyokwenda Kilwa nayo ilifilisika. Mti unaovumilia ukame ulibainika kuwa si mti unaozaa vizuri kwenye ukame.

Jaribio la kiwango cha kijiji lilikuwa na akili zaidi. Shirika la TaTEDO lilifunga mitambo ya kazi nyingi mkoani Arusha, katika vijiji kama Engaruka na Leguruki: injini moja ya dizeli iliyoweza kusaga, kukamua mbegu na kuzalisha umeme. Wazo lenyewe lilitoka Afrika Magharibi, hasa Mali, lilikoanza miaka ya 1990. Injini ingeweza kula mafuta ya mbono. Lakini ilihitaji mbegu, na mbegu zina hesabu yake:

- Lita moja ya mafuta hutokana na kilo 4 hivi za mbegu kavu.
- Mashine inayotumia lita 2 kwa saa, ikifanya kazi saa 6, inahitaji lita 12 kwa siku, yaani kilo 48 za mbegu.
- Mtu mmoja huchuma kilo 2 hadi 3 kwa saa. Kazi ya siku moja ya mashine ni saa 16 au zaidi za kuchuma, kabla ya kukausha na kukamua.
- Ua uliotunzwa hutoa takriban kilo 1 kwa mita kwa mwaka. Kwa siku 300 za kazi zinatakiwa kilo 14,400: ua wenye urefu wa zaidi ya kilomita 14 kwa mashine moja.

Kuyafanya mepesi: bayodizeli

Njia ya pili ni ile ya Brussels. Mafuta ya mimea huchanganywa na alkoholi, kwa kawaida methanoli, pamoja na kostiki kidogo. Lita 100 za mafuta na lita 20 hivi za methanoli hutoa karibu lita 100 za bayodizeli, na chini hujitenga glisirini nzito. Mnato hushuka hadi kukaribia ule wa dizeli, na namba ya seteni mara nyingi huizidi dizeli ya kawaida.

Wanaotengeneza sabuni wataitambua kostiki mara moja. Mafuta yaliyochacha, au yenye maji, yakikutana nayo hugeuka sabuni badala ya bayodizeli. Ndiyo maana mafuta yaliyokaangiwa chipsi wiki nzima hupimwa kabla ya kutumika. Methanoli nayo si ya mchezo: ni sumu inayoweza kupofusha au kuua, na mvuke wake hudaka moto upesi. Si kazi ya kufanyia jikoni.

Injini ikipewa bayodizeli kwa mara ya kwanza, huenda ikazima baada ya saa chache, na mafuta yakalaumiwa bure. Bayodizeli husafisha uchafu wa miaka uliotulia tangini na kuupeleka kwenye chujio. Hulainisha pia baadhi ya mipira ya mabomba ya zamani. Chujio la akiba na mipira inayohimili mafuta hayo humaliza tatizo hilo.

Gesi ya samadi

Wafugaji huuliza kuhusu bayogesi. Gesi hii, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, haiwezi kuwaka kwa mgandamizo peke yake kwenye injini ya kawaida, kwa sababu methani huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 500 na bado huchelewa. Njia iliyozoeleka ni kuiingiza pamoja na hewa, kisha dizeli kidogo hutemwa na nozo ili iwe kiberiti. Injini ikibeba mzigo wa kutosha, dizeli inayookolewa yaweza kufika asilimia 70 au zaidi, na nozo haisumbuliwi na mafuta mazito.

Kikwazo ni wingi. Kila nguvu-farasi moja hula karibu nusu mita ya ujazo ya bayogesi kwa saa, kwa hiyo injini ya nguvu-farasi 12 hutaka mita 5 au 6. Mtambo wa nyumbani wenye ng'ombe wachache hutoa mita 2 hivi kwa siku: gesi ya kupikia milo ya familia, au ya kuendeshea mashine dakika 20 na kitu. Bayogesi inafaa machinjio, ranchi na viwanda vya mkonge. Tena gesi yenyewe ina salfa inayotafuna vyuma, na lazima ipitishwe kwenye chujio la vumbi la chuma lenye kutu.

Mafuta mbadala yasiyotangazwa

Kwa miaka mingi mbadala uliotumika zaidi Afrika Mashariki haukutoka shambani, bali kwenye pipa la mafuta ya taa. Kwa kuwa yalitozwa kodi ndogo, yalichanganywa kwenye dizeli. Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kwa kiasi kikubwa. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo.

Mafuta ya taa huwaka bila shida kwenye injini ya dizeli. Kosa lake ni kinyume cha alizeti: ni mepesi mno. Ndani ya pampu, chuma kinachosukuma mafuta hupita kwenye nafasi ya sehemu mbili au tatu za elfu moja ya milimita, na mafuta yenyewe ndiyo grisi yake. Yakiwa makavu, chuma husagana na chuma, na mwishowe pampu hushindwa kufikia shinikizo la kuifungua nozo.

Hesabu ya mwenye mashine

Lita ya mafuta ya alizeti ina nishati pungufu kidogo tu kuliko lita ya dizeli, kama asilimia 5. Lakini kwa miaka mingi Tanzania na Kenya zimeagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na dukani lita yake imekuwa ghali kuliko ya dizeli. Mkulima wa Singida mwenye kikamulio na mashine ya kusaga anapata zaidi akiuza alizeti sokoni na kununua dizeli kwa fedha hizo, huku mashudu yakibaki ya kulishia mifugo. Hilo ndilo jibu la swali la kwenye foleni: alizeti inaweza kuendesha mashine, ila sahani inailipa bei nzuri kuliko injini.

Hesabu hubadilika mahali pachache: kwenye hoteli na vibanda vya chipsi vinavyotupa mafuta yaliyotumika, kwenye visiwa na vijiji ambako dizeli hufika kwa boti kwa bei ya kuruka, na kwenye machinjio au ranchi yenye samadi ya kutosha. Mwenye mashine aliye nje ya maeneo hayo ana mambo mengine ya kuangalia kwanza:

1. Nozo ipimwe kwenye pampu ya karakana, hasa moshi ukiwa mweusi chini ya mzigo wa kawaida.
2. Chujio la hewa lisafishwe kila siku. Vumbi la unga huliziba, na hewa ikipungua mafuta hutoka bila kuungua.
3. Mkanda ukazwe. Ukiteleza, dizeli inapasha moto puli badala ya kusaga.
4. Nyundo za kinu zikaguliwe. Zikilika upande mmoja zigeuzwe, kwa kuwa upande wa pili bado una makali na haujalipiwa shilingi nyingine.